Mama Mapazia na Droo Iliyonuna

Mama mkubwa wangu anajua madirisha ya mji mzima. Watu wenyewe huwasahau; madirisha hayasahau. Ukimtajia jirani yeyote atafumba jicho moja, kisha akwambie, "Aah, yule wa mita mbili na nusu kwa moja na robo, bitana nyeupe, mumewe hapendi jua la asubuhi." Miaka thelathini na tano ameingia vyumba vya watu na futikamba shingoni, na aliyoyaona humo yangetosha kuvunja nusu ya ndoa za mtaa. Bahati nzuri ulimi wake mkali anautumia kwangu tu.

Mtaa unamwita Mama Mapazia. Mimi yeye ananiita Nusu. Nilisomea ufundi wa majokofu na viyoyozi, diploma ya miaka mitatu, nikaacha chuo baada ya mwaka mmoja na nusu: katikati kabisa, kwa usahihi ambao sikuwahi kuuonyesha katika mtihani wowote. Mama yangu alilia. Dada yake, yaani huyu mama mkubwa, aliniangalia kuanzia viatuni hadi nyweleni, akasema, "Basi njoo ukae kwangu. Nusu mtu ni afadhali kuliko nyumba tupu." Baba mkubwa alikuwa ameshafariki, mwanawe wa pekee ana kwake, na vyumba vitano ni vingi kwa mtu mmoja na cherehani mbili.

Nikaja na begi moja. Wiki ya pili tu mkasi wake mkubwa ukapotea, ule wa chuma cheusi alioanzia kazi, uliokuwa ukining'inia kwenye msumari kando ya mlango tangu kabla sijazaliwa. Mgeni nyumbani nani? Mimi. Hakunituhumu waziwazi. Ila tangu siku hiyo, kila nikipita karibu na msumari ule, yeye hukohoa.

Mwaka jana kikohozi kile kikaacha kuwa cha kunisema mimi.

Nyumba yenyewe ni ya zamani, kuta za mawe na chokaa, nene kuliko urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole. Chumba cha mbele ndicho cha kazi. Humo kuna meza ya kukatia kitambaa, mita nne kamili, ambayo baba mkubwa aliiunda humohumo ndani. Alikuwa fundi rangi, si seremala, kwa hiyo suala la mlango halikumjia akilini mpaka alipopigilia msumari wa mwisho. Meza ile haijawahi kutoka na haitatoka.

Na kila mwaka, wiki moja kabla ya miezi ya fukuto kuanza, baba mkubwa alikipaka chumba hicho rangi mpya. Rangi ya mafuta, inayong'aa, unaifuta kwa kitambaa kama sahani. Mke anachagua rangi, mume anapaka. Siku hiyo hakuna kushona. Jioni wanakula wamekaa juu ya meza, miguu inaning'inia, wanatazama ukuta kama watu waliokwenda sinema. Alipofariki, mama mkubwa hakuacha. Alipanda ngazi mwenyewe. Ukijumlisha ni matabaka ishirini na saba: ishirini na mawili ya mume, matano ya mjane.

Sasa fukuto. Kwetu ni miezi mitatu ambayo hewa haivutwi, inanywewa. Chumvi inageuka uji. Bahasha zinajifunga zenyewe kabla hujaandika barua. Viatu chini ya kitanda vinaota ndevu za kijivu. Shati ulilofua Jumatatu linakauka Alhamisi, tena kwa hisani. Na katika kabati la chumba cha kazi, lenye droo tano za mbao ngumu, droo ya tatu ilinuna. Ilivimba ikagoma kufunguka, tangu misimu miwili nyuma. Seremala alipendekeza kuikata kwa msumeno, akaonyeshwa mlango. "Ina vishikizo tu na kulabu za pazia," alisema mama mkubwa. "Ikimaliza hasira itafunguka."

Haikumaliza. Mwaka jana ukutani, kwenye pembe ya nyuma ya kabati, kukatokea madoa meusi. Rangi ikatuna, mapovu makubwa kama chapa za vikombe. Kikohozi cha mama mkubwa kikahama mchana kikaenda asubuhi, kikarudi na wenzake. Kisha ikaja aibu ambayo hakuna kikohozi kinachoifikia: mteja mmoja alirudisha mapazia ya rangi ya maziwa, mapya, yakiwa na vidoadoa vya kuvu kwenye pindo. Hayajatundikwa hata siku moja. Mama mkubwa aliyapokea mlangoni, akayakunja polepole, akaomba radhi, akaingia ndani. Siku ile hakunitukana hata mara moja. Ndipo nikajua mambo yameharibika.

Jumamosi yake akaja kaka, yaani mwanawe. Kaka ni mkaguzi wa lifti. Kazi yake ni kuingia kwenye majengo ya watu, kusikiliza nyaya, kupitisha rula kwenye nyufa za milango, na mwisho kuandika neno moja kati ya mawili: Salama, au Si Salama. Ukikaa naye muda mrefu unahisi anakukagua. Anaishi ghorofa ya saba, chumba cha ziada kipo, upepo unapita. Dirishani ametundika shuka, kwa sababu mama yake, mshona mapazia wa mji mzima, amekataa katakata kumshonea. "Siku nitakayoshona pazia la ghorofa ya saba," huwa anasema, "ndiyo siku nimekubali kwenda kulala nyuma yake."

Kaka aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akanusa, akaikagua pembe.

"Mama, nyumba hii inakuua kidogokidogo."

"Basi iache imalize, usiikatize kazi."

"Sifanyi mzaha. Umesikia mwenyewe daktari alivyosema: uondoke kwenye unyevu."

"Alisema niuondoe unyevu. Hakusema niondoke mimi."

"Kwangu ni kukavu."

"Na meza yangu itapandia wapi? Kwenye lifti?"

Uwezo wa lifti ya jengo lake kaka anaujua kwa moyo: watu wanane, kilo mia sita na thelathini. Meza haimo.

Basi wakapatana kama wanavyopatana watu wenye vichwa vigumu vya ukoo mmoja. Mama mkubwa akataka kipimo. Si maneno ya "naona afadhali" na "naona bado," kipimo. Wakazunguka chumba kwa macho, na wote wawili wakasimama kwenye droo ya tatu.

"Ile," akasema mama mkubwa. "Fukuto likiisha, ikifunguka nabaki. Isipofunguka, nafunga mizigo."

"Kwa mkono mmoja," kaka akasema. "Bila kutikisa kabati. Bila kuliwekea mguu ukavuta. Nakujua."

"Kwa mkono mmoja. Andika."

Akaandika. Kwenye fomu ya ukaguzi wa lifti, maana ndizo anazotembea nazo. Penye "Aina ya kifaa" akajaza: droo.

Hapo nikajitokeza mimi, mtaalamu. Nikasema unyevu ni hewa iliyofungiwa tu, tufungue madirisha yote asubuhi hadi jioni, hewa ipite, kuta zikauke. Nilisema kwa sauti ya mhadhiri. Mama mkubwa aliniamini, jambo ambalo bado linanichoma. Siku tano madirisha yakakaa wazi. Siku ya sita kuta zilikuwa zinatiririka. Si mfano wa maneno: michirizi ya maji ilishuka ukutani mpaka sakafuni, na kwenye cherehani kukawa na umande.

"Nusu," akaniita kwa upole wa kutisha, "hebu nikumbushe, uliishia sura ya ngapi?"

Ikanibidi nikamuulize fundi friji ninayefanya kazi kwake. Alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Bilauri ya maji baridi ukiiweka mezani mchana wa fukuto, inatoka jasho. Yale maji yametoka ndani ya bilauri?"

"Hapana. Hewani."

"Na kuta nene za mawe zimelala usiku kucha zikapoa. Wewe mchana ukaziletea hewa ya moto iliyojaa maji. Umeigeuza nyumba ya mama yako kuwa bilauri."

Akanipa kipima unyevu, kiduara kidogo cha mshale, na mashine ya kukausha hewa iliyokuwa ikikaa chini ya meza yake bila mteja. Mshale ukasoma asilimia themanini na sita. Mtu na nguo zake wanataka sitini au pungufu. Nikarudi nimeinamisha kichwa, nikamweleza mama mkubwa habari ya bilauri. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mwaka mmoja na nusu ule mwingine ndio uliokuwa na majibu."

"Inaelekea hivyo, mama."

"Haya. Tuanze upya."

Na mama mkubwa akianza, anaanza kweli. Madirisha yakawa yanafunguliwa alfajiri tu, nusu saa, nje kukiwa na ubaridi kuliko ndani. Jua likichomoza tunafunga. Birika lililokuwa likichemka kutwa nzima kwa ajili ya chai na ya kunyooshea kitambaa kwa mvuke likahamishiwa barazani, na pasi ya mvuke ikalifuata. Mapazia yaliyofuliwa hayakuanikwa tena ndani. Sufuria zikavaa vifuniko. Kabati tukalisogeza kiganja kimoja kutoka ukutani ili hewa ipite nyuma yake. Nje, tuligundua mfereji wa paa umepasuka na unamwaga maji palepale kwenye pembe yenye madoa, miaka mingapi Mungu anajua, nikauziba. Udongo wa maua aliokuwa ameulundika kwenye ukuta huohuo tukauchimba, maua yakahamia kwenye makopo, na mimi nikapata malengelenge niliyoyaonyesha kwa kila mgeni.

Mashine ikawa ndiyo mtoto wa nyumba. Inanguruma, inakunywa hewa, inakojoa ndooni. Siku ya kwanza ndoo ilijaa hadi ukingoni. Mama mkubwa akaitazama kama mtu aliyeonyeshwa picha ya ndani ya kifua chake.

"Maji yote haya nilikuwa nayavuta?"

"Yote."

"Mimi nimekuwa samaki na hamkuniambia!"

Alitoka na ndoo ile barazani akawaonyesha majirani, mmoja mmoja. Wengine walimpongeza, hawakujua kwa nini.

Mshale ukashuka. Themanini na sita, sabini na nne, sitini na tisa. Kila Jumamosi mama mkubwa alijaribu droo, mkono mmoja, mwingine ameuweka mgongoni kama askari. Haikusogea. Na mshale nao ukagoma: sitini na tisa, sitini na tisa, sitini na nane siku moja ya furaha, tena sitini na tisa. Tukizima mashine kwa saa mbili tu unapanda. Maji yalikuwa yanatoka mahali. Wiki sita zilikuwa zimepita, zimebaki sita, na mapovu ukutani yalikuwa yameongezeka.

Ndipo mama mkubwa, kwa shingo upande, akamwita fundi plasta.

Fundi plasta ni mzee aliyefanya kazi na baba mkubwa miaka yote, yeye anapiga plasta, mwenzake anafuata na brashi. Hakuwa amekanyaga chumba kile tangu mazishi. Alivua kofia, akazunguka, akabandika kiganja ukutani, akagonga, akasikiliza. Kisha akafanya jambo ambalo mimi na kipima changu hatukulifikiria: akaenda kufungua stoo.

Stoo iko ukuta mmoja na chumba cha kazi, upande uleule wa nje. Haijawahi kupakwa chochote ila chokaa. Ina magunia, ngazi, mikebe mitupu. Akabandika kiganja ukutani humo, akanionyesha. Kikavu.

"Ukuta mmoja," akasema. "Mvua moja. Mbona huku hakuna kuvu?"

Nikaelewa kabla hajamaliza, nikatamani nisielewe. Yeye alikuwa anamtazama mama mkubwa, si mimi.

"Shemeji, ukuta wa chokaa unapumua. Unakunywa maji, unayatoa. Ule wa chumba cha kazi umevalishwa koti la mpira. Tena makoti ishirini na saba. Maji yaliyoingia hayana pa kutokea, yanakaa humo, yanasukuma. Hayo mapovu ndiyo yenyewe yanabisha hodi."



"Nilimwambia marehemu mwenyewe," fundi plasta akaendelea, taratibu. "Mwaka wa tatu. Tulinuniana miezi miwili kwa neno hilo. Akaniambia, 'Mke wangu anapenda ukuta ung'ae.' Nikaacha. Ukuta ni wake, mke ni wake."

"Sikuwahi kumwambia napenda ung'ae," akasema mama mkubwa. "Nilikuwa napenda siku ile. Siku ya kupaka."

Kisha akatugeukia sote wawili na macho yenye moto. "Kwa hiyo mnataka nimkwangue mume wangu ukutani?"

Fundi plasta alivaa kofia akaondoka. Siku mbili mama mkubwa hakunisemesha ila kwa mambo ya lazima, na ya lazima aliyapunguza. Nilimwona akishona, mguu unakanyaga, macho yako ukutani. Mara moja nilimkuta amesimama kwenye pembe, ameweka kidole juu ya povu moja, analibonyeza polepole, linarudi. Analibonyeza, linarudi.

Siku ya tatu, bado sijamaliza chai, akatokea amefunga kichwa kwa kipande cha bitana na kingine amekifunga puani. Mkononi ana kikwanguo cha baba mkubwa.

"Amka, Nusu. Kama ni kumkwangua, nitamkwangua mimi. Sitaki mkono wa mtu mwingine."

Fundi plasta alituelekeza tukwangue kwa kulowesha, vumbi la rangi za zamani si la kuvuta. Basi tukawa tunapigana na maji kwa maji. Kazi ilituchukua siku tisa. Nilidhani atalia. Badala yake alianza kusimulia, na mimi ndiye niliyekuwa nikijifuta macho na kusingizia rangi.

"Hii kijani ni yangu, mwaka wa mwisho. Nilipaka vibaya, tazama brashi ilivyokimbia. Hii ya zambarau, mwaka aliovunjika mguu. Alipaka akiwa amekaa kwenye kiti, ndiyo maana juu kule haikufika. Hii... ah, hii!" Akacheka mpaka akakaa. "Rangi ya machungwa. Nilimwambia nataka ya machungwa kumkomoa, tulikuwa tumegombana. Akapaka bila neno. Mwaka mzima wateja walikuwa wanaingia wanafunika macho. Hakuna aliyekubali kushindwa."

"Na hii ya bluu?"

"Ya bluu kaka yako alizaliwa."

Chini ya zote kulikuwa na chokaa, rangi ya jino la mzee, na ilikuwa imelowa kama sponji. Fundi plasta alikuja, akatoa plasta iliyooza, akarudishia mpya ya chokaa na mchanga, bila hata kijiko cha saruji. Alipofika kwenye pembe karibu na mlango, chini ya ule msumari mtupu, penye kipande cha rangi tulichokuwa hatujakikwangua, mama mkubwa akamshika mkono.

"Hapa niachie. Kiasi cha bahasha tu."

"Shemeji..."

"Bahasha moja haiwezi kuuziba ukuta wa mita saba. Ningekuwa na mashaka ningemuuliza Nusu, lakini sura hiyo hajaifikia."

Fundi plasta akatafakari, akakubali. Mama mkubwa akachukua kikwanguo na msasa, akakwangua kile kipande kwa vidaraja kama vya ngazi, kila tabaka likichungulia chini ya jingine kwa upana wa uzi, kama pindo zilizopangwa. Ishirini na saba. Nilizihesabu. Ya machungwa inaonekana ukiwa mbali.

Kisha tukangoja. Hiyo ndiyo sehemu ngumu ya kukausha nyumba, hakuna anayekwambia: huna la kufanya. Ukuta ulipumua, mashine ikakojoa, mshale ukaanza kushuka tena. Sitini na nne. Sitini na moja. Siku moja mama mkubwa aliamka, akanywa chai yote, akaosha kikombe, ndipo wote wawili tukagundua hajakohoa. Mshale ukafika hamsini na saba, akaufungia utepe mwekundu kama mtoto aliyefaulu.

Ila droo. Kila Jumamosi, mkono mmoja. Ilikuwa sasa inatoka upana wa vidole viwili, kisha inasimama kwa kishindo. Droo nyingine nne zilikuwa zinateleza kama zimepakwa sabuni. Ya tatu, vidole viwili, kishindo.

Siku ya mapatano ikafika, na wiki nzima mvua ilikuwa imenyesha bila kupumzika. Kaka aliingia na mwavuli, fomu ile imekunjwa mfukoni. Akabandika kiganja ukutani, akakiangalia. Akasoma mshale. Akanusa pembe. Kisha akasogea kando, akatuonyesha kabati kwa mkono, kama anavyowaonyesha wenye majengo.

Mama mkubwa akaweka mkono wa kushoto mgongoni. Akavuta.

Vidole viwili. Kishindo.

Akavuta tena. Kishindo. Nilitazama shingo yake, mshipa umesimama. Hakutikisa kabati. Hakuweka mguu. Mara ya tatu akaacha, mkono ukabaki kwenye kishikio, na akasema kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, ndogo, "Haya basi. Tumeandikiana."

Kaka alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja.

"Vuta tena, mama."

"Nimeshavuta mara tatu, unataka kunicheka?"

"Vuta. Taratibu. Nataka kusikia."

Akavuta. Kishindo. Kaka akapiga magoti mbele ya kabati na suti yake yote, akatoa mfukoni rula ile nyembamba ya chuma anayopitisha kwenye milango ya lifti. Akaizungusha pande zote za droo: kushoto, kulia, chini. Ilipita bila kugusa.

"Mbao iliyovimba inalalamika njia nzima," akasema, na alisema kama mtu anayejishuhudia dhidi yake mwenyewe. "Inakwaruza. Hii inatembea vizuri, halafu inagonga. Hii imekauka, mama. Kuna kitu kimesimama ndani."

Akaingiza rula kwa juu, akapapasa, akabonyeza. Kitu kikaanguka kwa mlio wa chuma. Akainuka, akasogea nyuma. "Mkono mmoja."

Droo ikafunguka. Ilikuja yote, kwa wepesi kiasi kwamba mama mkubwa alirudi nyuma hatua moja. Ndani mlikuwa na vishikizo, kulabu za pazia, na juu yake, umelala chali, una kutu kwenye shingo, mkasi mkubwa wa chuma cheusi.

Nilivuta pumzi. Nilikuwa na hotuba, jamani. Nimeitunga miaka miwili.

"Mama mkubwa," nikaanza.

"Nyamaza."

"Nataka kusema tu..."

"Sikuwahi kusema umeuiba."

"Ulikuwa unakohoa!"

"Nilikuwa naumwa! Muulize kaka yako. Daktari anajua."

Kaka alikuwa ameshatandaza fomu juu ya meza ya mita nne, anaandika. Mwandiko wake ni wa herufi za kusimama, unasomeka ukiwa ng'ambo ya chumba. Salama. Na chini yake, penye maoni: Ukaguzi mwingine kabla ya fukuto lijalo. Mfereji wa paa uangaliwe. Rangi ya mafuta marufuku. Akasaini. Akabaki amesimama na kalamu, hana tena la kukagua, na nikamwona kwa mara ya kwanza kama mtu anayerudi peke yake kwenye ghorofa ya saba.

Mama mkubwa alikuwa anausugua mkasi kwa msasa, mafuta ya cherehani yanamchuruzika vidoleni. Aliufungua, akaufunga. Ulilia kidogo, kisha ukaacha. Bila kuinua macho akauliza:

"Madirisha yako yana vipimo gani?"

Kaka akaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, laini kwenye mikunjo kama kitambaa, imetembea humo sijui miaka mingapi. Mama yake akaisoma. Akaangalia juu, akaisoma tena.

"Umepima kwa nini wewe, kwa shubiri?" akasema. "Nusu, nipe futikamba. Na kitambaa cha rangi ya machungwa kipo kule juu ya rafu, kishushe. Huyu anahitaji rangi."